Maua Yanayopepesusha Ng'ombe

Mume wangu alifariki mwezi wa kumi na moja. Kabla ya hapo, kwa majira mawili ya kuchipua, alirudi kutoka msitu ulio karibu na Highview, mtaa wetu wa huku ugenini, akaniambia kuna ua mle linalofanana na suruali nyeupe zilizoanikwa kichwa chini, twende nilione. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nilitaka kulala. Sikwenda hata mara moja.

Mwaka huu binti yetu aliponiandikisha kwenye matembezi ya kuonyeshwa maua ya msituni, nilikubali upesi. Sikumwambia kwamba nalitafuta ua la baba yake.

Mama aliyetuongoza alisimama kila hatua chache. Alituonyesha ua la njano lenye majani ya madoa, akasema huchukua miaka saba kabla ya kuchanua. Niliangalia kwa heshima tu. Langu sikuliona, na kumuuliza mgeni habari za suruali niliona aibu.

Kwenye mteremko wa kijito nikayaona, mengi, yananing'inia kwenye vijiti vyake. Kabla sijafikiri nikainama, nikachuma jani, nikalisugua viganjani na kulinusa. Kwetu, milima ya Kivu ya Kusini, tulifanya hivyo tukihamia malisho mapya. Mume wangu hakuruhusu ng'ombe wapite kabla hajanusa majani asiyoyajua. Asubuhi za ukungu vidole vyake vilinuka majani hadi wakati wa kukamua.

Kiongozi akaniomba nisichume. Watu wakageuka.

“Mama, huku maua haichumwe,” binti yangu alininong'oneza.

Nikamwambia amwombe radhi, na amuulize kama ng'ombe wanaweza kulila ua hilo. Mzee mmoja akacheka. Kiongozi hakucheka. Alisema ng'ombe akilila hupepesuka na kuanguka, na wafugaji wa zamani wa hapa walilichukia.

“Baba yako angependa kujua hilo,” nilisema.

“Baba alikuwa anakuya hapa?”

Nikamwambia yote: alikuja, aliniita mara mbili, na mara zote mbili nilichagua usingizi.

Hakunifariji, na sikutaka anifariji. Kundi likatangulia. Alichuchumaa kando yangu, akalichukua lile jani lililopondeka, akalinusa kwa muda mrefu. Kisha akauliza baba yake angefanya nini na ng'ombe hapa.

“Angewavusha,” nikamwambia. “Wakale ng'ambo ile ya kijito.”