Kiganja cha Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kuchonga chuma tangu tukiwa Uvira, Kongo. Katika karakana moja ya Mbarara, Uganda, alinifundisha kufunga beringi za shafti: mbili zinapeana mgongo, kisha unakaza nati. Ikilegea, shafti inacheza. Ikikazwa mno, beringi zinapata moto hadi kuungua. Nilitaka tununue kipimajoto cha kuzipimia, akanicheka. Yeye alipima kwa kiganja, mashine ikizunguka.

Siku moja alilaza kiganja juu ya chuma kinachofunika beringi, akatulia. "Iko sawa, mwanangu. Haina moto."

Nikagusa, nikaruka, nikazima mashine. Kisukari kilikuwa kimeitia ganzi miguu yake. Sikujua kimefika mikononi. Kiganja chake kilikuwa bado palepale.

Jioni, nyumbani katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mama aliuliza yale malengelenge ya kiganjani mwake yametoka wapi. Baba alinitazama mimi, akingoja jibu.