Bahari Hatua Kumi na Moja kutoka Kitandani

Mimi ni fundi wa majokofu. Kazi yangu ni kuwapoza samaki waliokwisha kufa, na kwa miaka mingi sikuwa na shughuli yoyote na samaki walio hai. Kwa hiyo nilipotangaza nyumbani kwamba nitajenga bahari uani, mke wangu aliweka ungo chini, akanitazama, akasema, "Friji ya jirani ina wiki ya tatu barazani kwetu hujaimaliza. Leo unataka kujenga bahari."

Alikuwa na haki ya kusema. Lakini mimi nikishikwa na jambo huwa sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Chanzo kilikuwa mama yangu. Mama ni mwanamke wa mwambani. Tangu usichana wake hapa Kivinje, kila bamvua, siku zile ambazo bahari hurudi nyuma kabisa na kuuacha mwamba wazi, yeye na wenzake walikuwa wakitembea juu ya mwamba na fimbo na ndoo, wakiwatoa pweza kwenye matundu yao. Pweza ndiye aliyenisomesha. Hata alipopita miaka sabini alikuwa bado anakwenda, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama amekuomba ushauri. Kisha siku moja akateleza kwenye kizingiti cha bafu, uani kwake mwenyewe, akavunjika nyonga.

Alipasuliwa, mfupa ukaunga. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia bila kuzunguka: huyu mama asimame kila siku, atembee hata hatua mbili tatu. Miezi michache ijayo ikipita akiwa amelala, basi hatasimama tena. Tukamrudisha nyumbani, na mama akakataa kusimama.

Maumivu hayakuwa makubwa, mwenyewe alikiri. Alisema tu, "Nisimame niende wapi, mwanangu?" Chakula alikuwa analetewa, swala anaswali kitandani, na mwambani hakuna tena atakayemruhusu. Nilimbembeleza. Nikamfokea, kisha nikamwomba radhi kwa kumfokea, kisha nikamfokea tena wiki iliyofuata. Yeye aligeukia ukutani. Niliogopa sana siku zile. Nilikuwa namwona mama yangu anaondoka huku mapigo ya moyo yako sawa na mfupa umepona.

Katikati ya hayo nikaenda Dar es Salaam kununua vipuri. Katika ofisi ya muuzaji kulikuwa na tangi la kioo, dogo tu, ndani yake kitatange mmoja, kisamaki cha rangirangi kisichouzika sokoni, na mawe matatu ya plastiki. Nilitaka kucheka, maana mama alikuwa akiwafukuza kitatange kwa mguu. Lakini nikaona kitu kingine. Wateja, watu wazima wenye haraka zao, walikuwa wamesimama mbele ya lile tangi, wameinama, na viti vipo vitupu nyuma yao. Nikasema moyoni, kama kitatange mmoja anawasimamisha wafanyabiashara wa Dar, mwamba mzima utashindwaje kumsimamisha mama?

Mchoro wa kwanza niliuchora nyuma ya kalenda. Nilikuwa nimeuweka ukuta wa kioo ndani ya chumba cha mama, ubavuni mwa kitanda, usawa wa mto wake, ili aione bahari bila taabu. Nilijiona nina akili nyingi. Nikampelekea mke wangu auone. Mke wangu ni mtu wa Nyangamara, wa mikorosho. Bahari haijui wala haitaki, na sokoni akimwona kaa yu hai hupita upande wa pili. Aliutazama mchoro muda, akauliza, "Sasa akiona kila kitu huku amelala, atainukia nini?"

Nikaichana ile kalenda. Ilikuwa bado na miezi mitatu, lakini niliichana.

Mchoro wa pili ulipeleka tangi kwenye ukumbi wa nyuma, unaotazama ua, mahali ambapo mtu aliyelala chumbani hawezi kuona hata unyevu wake. Kutoka kitandani hadi pale ni hatua kumi na moja za mtu mwenye nyonga mbovu. Nilizipima kwa kumtembeza mke wangu polepole huku akinung'unika. Ukutani nikafunga bomba la chuma la kushikilia, mwanzo hadi mwisho. Ukingo wa tangi nikaupandisha hadi kiunoni mwa mama, aweze kuegemea. Kina cha maji nikakipima kwa mkono wake: nilichukua uzi, nikamwambia mama nataka kumshonea kanzu, nikapima kutoka kwapani hadi ncha za vidole. Urefu mita nne, upana moja na nusu. Lita zaidi ya elfu tatu. Watu waliokuja kuangalia msingi waliniuliza kama ninaoa mke wa pili, ninaongeza chumba.

Mjenzi nilimpata bila shida, mzee anayejenga mabirika ya kutawadhia misikitini. Nilipomweleza kwamba upande mmoja utakuwa kioo, alivuta ndevu, akasema, "Nimejenga mabirika mengi, fundi, lakini hakuna mtu aliyewahi kutaka kumtazama anayetawadha kutoka ubavuni." Hata hivyo alijenga, na alijenga vizuri. Alizificha nondo ndani kabisa ya zege zisifikiwe na chumvi, akapiga rangi ya matangi mara tatu, akaketisha kioo kinene kwenye dirisha lake kwa gundi ya silikoni. Kisha akanikataza kutia kiumbe chochote kwanza. "Saruji mpya ina ukali," alisema. "Jaza maji ya kisima, mwaga. Jaza, mwaga. Hadi yatoke kama yalivyoingia." Nilijaza na kumwaga kwa karibu mwezi mzima, na mke wangu akapata mchicha mzuri ajabu kule mwisho wa mfereji.

Mitambo ilikuwa yangu. Hapo ndipo nilipokaribia kuwaua viumbe kabla hata hawajaja. Fundi wa majokofu maisha yake ni mabomba ya shaba. Nilikuwa nimeshapinda bomba refu la shaba la kupitisha ubaridi ndani ya maji, limekaa vizuri, nalisifia mwenyewe. Kumbe shaba ndani ya maji ya chumvi ni sumu kwa konokono, kaa na kila kisicho na uti wa mgongo. Nilisoma hilo kwenye simu nikiwa nimeshikilia bomba lenyewe. Nikalitupa juu ya paa la banda, nikafunga mabomba ya plastiki, pampu ya kuzungusha maji, pipa la mchanga la kuchuja, na mashine ya hewa inayotumia betri ya sola, kwa sababu umeme wetu una mambo yake. Juu nikaezeka makuti kupunguza jua.

Mawe niliyafuata kwa kibali. Afisa uvuvi alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia matumbawe hai hayaguswi hata kama mama ni mgonjwa, ila mapande yaliyovunjika na kufa yanayosukumwa na mawimbi naweza kuchukua, pamoja na samaki wadogo aliowataja kwa idadi. Nilishukuru. Mawe yale, ukiyaangalia kwa karibu, si maiti hata kidogo. Kila tundu lina mwenyewe.

Maji ndiyo yaliyonirudisha shule. Ilikuwa masika. Nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na tangi la plastiki la lita elfu, nikateka kule kwenye mikoko, mahali gari linapofika kwa urahisi. Nikamwaga birikani, na kwa majivuno nikampelekea mama kikombe kitandani. Alichovya kidole, akagusa ulimi.

"Umeteka mikokoni," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Tena maji yakitoka."

Akanirudishia kikombe.

"Haya ni maji ya mvua, yamepita baharini kusalimia tu. Mwaga. Subiri bamvua, uteke maji yakijaa, upande wa nje."

Alikuwa amejiinua kwa kiwiko ili kuyasema hayo, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa wiki nyingi. Nilimwaga lita elfu moja kwa furaha. Nikateka upya kama alivyoagiza, nikapanga mawe, nikayaacha mwezi na zaidi maji yakomae, ndipo nikawaingiza samaki: kitatange wawili, na wadogo wengine wa milia na wa buluu.

Mama aliuliza maswali. Maji yametulia? Samaki wanajificha au wanazurura? Nikamwambia, njoo uone. Akasema, "Nitaiona siku nyingine." Kila siku ilikuwa siku nyingine. Bomba langu la kushikilia ukutani likawa linaanikiwa kanga. Mtaalamu alipita, akamkagua, akanivuta pembeni na kusema muda tulionao si mrefu.

Sasa, kwetu hapa huendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu. Tangu mama augue, wenzake wa mwambani walikuwa wakija na unga wa uji, machungwa, madafu. Habari zilipoenea kwamba mgonjwa ana bahari nyumbani, wakaona machungwa ni kumdharau. Wa kwanza alikuja na konokono wawili kwenye bakuli. Wa pili kaa. Wa tatu viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, vitano, kwa sababu alikuwa na binti wanne na kila mmoja alitaka kutuma chake na yeye chake. Mwingine jongoo bahari mnene. Wakawa wanaingia chumbani, "Shikamoo, bibi," "Marahaba, mwanangu," dua inasomwa, kisha wanapita ukumbini na kutumbukiza. Na mwenzake mkubwa kuliko wote, aliyetembea naye mwambani tangu wote wasichana, akaja na pweza mzima kwenye ndoo.

Wanawake hawa wanaijua bahari kuliko mimi na simu yangu. Hakuna hata mmoja ambaye angemweka pweza na kaa ndoo moja. Lakini zawadi ya mgonjwa ina adabu zake, na kila mmoja alifikiria yake tu. Mimi nilitaka kukataa. Mke wangu akaniuliza, "Utamrudishia mtu dua yake mlangoni?" Nikapokea vyote. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji wangu birikani hawakupona. Pweza alianza na kaa.

Siku ya nne tangu pweza aingie, nilikuwa mjini Masoko ndani ya jokofu la watu, kichwa na mabega, simu ikalia. Mke wangu alisema maneno mawili matatu ambayo sikuyaelewa, na nyuma yake nikasikia sauti ya mama ikifoka. Nilipanda bodaboda na bisibisi mkononi.

Nilichokikuta nitakieleza kama kilivyokuwa. Maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na yananuka. Mama alikuwa amesimama. Ameegemea ukingo, mkono wa kushoto umeshika bomba la ukutani, wa kulia umezama hadi kwapani, kanga imelowa yote. Pweza alikuwa amempanda mkono hadi begani na yeye hana habari naye. Mke wangu alikuwa nyuma yake, amemkumbatia kiuno kwa mikono yote miwili, amefumba macho ili asimwone pweza, anasoma kila sura anayoijua.

Harufu ndiyo iliyomwamsha. Mama alikuwa ameisikia kutoka kitandani, akajua jongoo bahari amekufa na anawatilia wengine sumu. Akamwambia mke wangu amtoe. Mke wangu akasema, mama, nichinje, lakini mkono wangu hauingii humo. Akaambiwa basi nishike. Hivyo ndivyo zile hatua kumi na moja zilivyotembewa, na mimi niliyezipima sikuziona hata moja.

Mama alimtoa jongoo, akamtupa uani. Akamvua pweza begani, mkono baada ya mkono, bila haraka, akamtia ndooni na kuifunika kwa sinia. Kitatange mmoja alikuwa amekufa. Wengine walikuwa juu wanahema.

Nilikaa chini kwenye maji yaliyomwagika, nikalia kwa sauti, mtu mzima na bisibisi yangu.

"Usikae kwenye maji, kiuno kitakuuma," mama alisema. "Lete ndoo. Nusu ya maji haya yatoke, na unitekee mengine kabla bahari haijaanza kutoka."

Alibaki amesimama hadi nilipopata kirikuu. Kiti alikikataa.

Siku ya pili aliamka na maumivu, akatukana nyonga, akaenda ukumbini. Siku ya tatu vilevile. Wenzake walipokuja aliwapokea akiwa pale pale ukingoni, akawashukuru mmoja mmoja kwa zawadi zao, kisha akawakabidhi zawadi zao kwenye ndoo wazirudishe mwambani. Hakuna aliyenuna. Walicheka hadi wakakaa chini. Hatua kumi na moja zikawa ishirini na mbili, kwenda na kurudi, kisha akaacha kushika bomba, kisha akaomba fimbo.

Huo ni mwaka jana. Tangi lipo, maji ni safi, na juu ya jiwe moja kumeota tumbawe dogo ambalo hakuna aliyelileta. Jana asubuhi nilimwita mama aje alione kabla jua halijapanda. Nikaita mara tatu. Mke wangu akaniambia nisipasue koo, ametoka zamani, yuko ufukweni, amekaa mchangani anawapokea wenzake wanaotoka mwambani na kuwaambia pweza gani alipaswa kuachwa akue.

Nilikasirika kidogo, siwezi kudanganya. Kioo kile, zege lile, lita elfu tatu, na mwenyewe hashindi nyumbani. Nikachukua kikopo cha chakula, nikawalisha samaki peke yangu. Walikula vizuri.