Kimea Kilichokobolewa

Mjomba wangu aliporudi kutoka Dar es Salaam alitaka nimwite anko. Alisema mjomba ni neno la shambani. Nilikubali kwa kutikisa kichwa, kama ninavyokubali mambo mengi, kisha nikaendelea kumwita mjomba. Mtu alikuwa mlinzi wa geti hotelini, karudi kwao na begi la magurudumu linaloburuzwa kwenye vumbi la Lizaboni, mtaa wetu hapa Songea, kama mbuzi aliyegoma. Sikuona kilichoongezeka hadi nibadilishe jina.

Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, koo linafunga na mwalimu anaruka kwa mwingine. Nikiandika koo halifungi, kwa hiyo nitaandika nilivyomwona, na nilivyomwona si vizuri.

Alirudi wakati wa baridi, mahindi yameshavunwa, na alimkuta mama yangu, ambaye ni dada yake, anaanika kimea uani. Mama ndiye mwenye togwa kwenye jumuiya yetu ya kanisa. Kila ifikapo sikukuu ya somo wa jumuiya, yule mtakatifu wetu, wenzake wanapangiana wali, nyama na maharage, lakini togwa haipangwi, inajulikana inatoka kwetu. Anaanza mapema. Analoweka mahindi, anayafunga kwenye gunia lenye unyevu mpaka yaote vijimizizi, kisha anayaanika kwenye turubai na kuyapeleka mashineni kusagwa. Huo unga wa kimea ndio wenye kazi. Unapika uji mzito, unausubiri upoe hadi kidole kivumilie, unatia kimea, unakoroga, na uji unalegea unaona kwa macho. Unakuwa mwepesi, na utamu wake hautoki kwenye sukari.

Mjomba alichuchumaa mbele ya turubai, akachota kiganja cha kimea na kukinusa kama mtu anayenunua tumbaku.

"Dada, unajua hii ni nini? Hii ni molti! Wenzetu huko wanatengenezea wiski."

"Sisi huku tunatengenezea togwa," mama alijibu.

"Ndiyo maana hatuendelei."

Mama akashusha sauti, maana gongo ni haramu na balozi wetu wa nyumba kumi anakaa nyumba ya pili. "Unataka kupika gongo nyumbani kwangu?"

"Gongo ni ya walevi, dada. Nimesema wiski."

Nilivyoelewa mimi, tofauti ni kwamba gongo hupikwa na wanawake na kunywewa na wanaume wenye viatu vilivyochanika, na wiski ingepikwa na yeye. Mtambo wa kupikia hakuwa nao. Bomba la shaba angelipata kwa fundi friji, siku moja. Kwanza tuchachushe, alisema, na kwenye simu yake kulikuwa na mzungu mwenye ndevu aliyekuwa akikoroga mapipa kwa furaha isiyoeleweka. Mjomba alimwamini kuliko anavyomwamini paroko.

Mama akamkubalia nusu ya kimea. Sijui niseme nini kuhusu mama kwenye jambo hili. Yeye ndiye aliyemlea huyo mdogo wake, na akimtazama naona kabisa anamwona bado ana kamasi.

Ukatokea msiba Maposeni, kwa ndugu wa baba yangu, na mama akaondoka kwenda kukaa na wafiwa. Alituachia neno moja tu: kimea kikikauka, kipelekwe mashineni. Mwaka huo zamu ya nyama ilikuwa ya mtu mwingine na zamu ya wali ya mtu mwingine, sikukuu imeshakaribia. Togwa ikikosekana, wangejua ni nani.

Tukaenda mashineni, mimi nimejitwika gunia, yeye amebeba simu. Foleni ilikuwa ya wanawake watupu na ndoo zao. Zamu yetu ilipofika, kijana wa mashine, mweupe kwa unga hadi kope, akauliza, "Dona?"

Mjomba akacheka. "Dona tena? Kaka, sisi tunakula dona? Koboa kwanza, halafu saga. Nataka unga mweupe, unaoeleweka."

Wote tunajua heshima ya unga mweupe. Watu wako radhi wale ugali usio na kitu, mradi mgeni asione dona mezani. Lakini hayo ni mahindi ya ugali. Hiki kilikuwa kimea. Mashine ya kukoboa inavua ganda na kiini chote, na vijimizizi vinakwenda navyo, vyote vinatoka upande wa pili vikiitwa pumba.

Nilisema. Nataka ijulikane kwamba nilisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Mjomba, kimea hakikobolewi."

Akageuka kwa wale wanawake. "Mnamsikia? Fom tuu huyu! Ameshakuwa profesa wa pombe!"

Wakacheka, wengine bila kujua wanachokicheka. Nikarudi nyuma ya gunia. Kijana wa mashine akachungulia gunia, akasema, "Ila bro, hiki kweli kimea."

"Mteja nani hapa, mimi au wewe?"

Kikakobolewa. Kikasagwa. Unga ukatoka mweupe kama chaki na hauna maana kama chaki. Pumba nilitaka tubebe, akanikataza. "Tumefuga nguruwe sisi?" Zikabaki mashineni kwenye gunia kuukuu nyuma ya mlango.

Siku iliyofuata akatengeneza wiski yake. Alipika uji kwenye sufuria ya shughuli, akaumimina kwenye pipa la bluu, akatia nusu yake ya kimea, akakoroga kwa mti wa fagio langu. Mzungu wa kwenye simu alisema uji utalegea uwe kama maji. Mjomba akachungulia. Uji ulikuwa uji. Akakoroga tena. Uji ulisimamisha mti wa fagio wima, bila kushikwa.

"Ni hali ya hewa ya Songea," akasema.

Baadaye ilikuwa maji ya bomba. Baadaye mahindi yetu, eti mbegu za huku ni dhaifu. Kila kitu cha Songea kilikuwa na kosa isipokuwa mzaliwa mmoja wa Songea. Mwisho akachukua sukari ya nyumbani, yote, akaimwaga humo, akafuatisha hamira, akafunika na kukaza mfuniko kwa kamba ya mpira. Kisha pipa likahitaji joto. Chumba chenye joto kidogo ni changu, kwa vile ukuta wake unagusa jiko. Pipa likaingia chumbani kwangu, na kwa kuwa lilisikia baridi, akalivika blanketi langu na juu yake sweta langu la shule, mikono imefungwa mbele kama mtu aliyekumbatia tumbo.

Nililala na hilo jitu pembeni. Lilikuwa linaguna. Shuleni nilikwenda natetemeka na shati tupu, nanuka mkate uliooza, na msichana ninayekaa naye dawati moja akasogea hadi ukingoni bila kusema kitu. Afadhali angesema kitu.

Jumapili tulikuwa tumetoka misa ya kwanza. Mjomba alikuwa uani anapiga pasi shati lake jeupe, anajiandaa kwenda kutembea na kuonekana. Tukasikia kishindo chumbani. Uji mzito una tabia ya kushika hewa kama unga wa maandazi, na huyu alikuwa ameutia sukari na hamira na kuufungia. Mfuniko ulikuwa darini. Uji ulikuwa ukutani, kitandani, kwenye daftari la baiolojia, na uliobaki ulikuwa unapanda taratibu kwenye pipa na kushuka kwenye sweta langu, mkono mmoja baada ya mwingine.

"Umeona?" mjomba alisema, shati mkononi. "Ina nguvu!"

Mama alirudi siku moja kabla ya sikukuu, amechoka na macho yamevimba kwa msiba. Hakuuliza habari ya harufu. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akapika uji wa togwa, akausubiri upoe, akaingiza kidole, akatia nusu yake ya unga wa kimea na kuanza kukoroga. Nilisimama mlangoni. Alikoroga, akainua mwiko. Uji ukaning'inia kwenye mwiko kama nguo mbichi.

Akaonja. Akachukua unga, akausugua kwenye vidole, akautazama weupe wake.

"Kimea changu kimefanyiwa nini?"

Mjomba alikuwa kwenye kigoda anachokoa meno. "Nilikikoboa, dada. Kwa ajili ya ubora."

Nilitegemea mama apige kelele. Alikaa tu chini, mwiko mkononi. Kuotesha kingine kwenye baridi ile ingekuwa karibu wiki, na wanawake wa jumuiya wangefika asubuhi kuchukua ndoo.

"Si utie tu sukari?" mjomba akasema. "Watajuaje?"

"Togwa ya sukari," mama akarudia polepole. "Niwapelekee wenzangu uji wa sukari, niwaambie ni togwa." Kisha akakumbuka. "Na sukari yenyewe iko wapi?"

Hapo mjomba akapata ghafla simu ya kupokea, nje.

Nilivaa kandambili nikaenda mashineni. Njiani nilifanya mazoezi ya sentensi. Mlangoni walikuwa wamekaa wanaume wanangoja umeme urudi, na yule kijana wa mashine akiwa katikati yao.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Heee, mtoto wa wiski!" kijana akasema, na wote wakaangua kicheko. Kumbe habari ilishafika. "Anko wako hajambo? Tumesikia amepiga bomu."

"Nimefuata pumba zetu."

"Mmeshafuga nguruwe?"

Sentensi niliyoifanyia mazoezi ilikwisha hapo. Nikasimama. Miguu inataka kuondoka, nikaikatalia. Halafu nikasikia mtu anasema, "Mama hana togwa ya kesho. Nguvu ya kimea iko kwenye pumba. Naomba gunia." Nilikuwa mimi.

Hawakucheka tena. Kijana aliinuka akaenda nyuma ya mlango. Gunia lilikuwa limeongezewa pumba za watu wengine juu, tukazikwangua kando hadi tukafika kwenye zetu. Nilizijua kwa vijimizizi vyake, vimekauka na kujikunja kama nywele za sakafuni kwa kinyozi. Alinijazia kwenye ndoo kwa mikono yake. "Mwambie mama, asisahau kuchuja," akasema.

Mama alizipokea. Alizisugua mikononi, akazitia kwenye uji uliokuwa bado na uvuguvugu, akakoroga. Mwanzoni ilikuwa takataka tu inayoelea. Kisha mwiko ukaanza kwenda kirahisi. Kisha nikasikia sauti ya mwiko ikibadilika kwenye sufuria, ule mlio wa kitu cha majimaji. Tulichuja kwa kitambaa, mara mbili, tukikamua yeye upande huu na mimi upande ule. Akachovya kidole, akakiweka mdomoni mwangu kama kwa mtoto mchanga. Ilikuwa tamu.

Kwenye sikukuu togwa ilikuwa na vijichembe vya pumba kidogo na rangi ya kahawia, na iliisha kabla ya wali. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akauliza mwaka huu mama yangu amefanyaje, maana imekuwa na ladha zaidi.

Aliyejibu ni mjomba. Alikuwa amevaa lile shati jeupe, kikombe mkononi, mguu mmoja juu ya benchi. "Ni teknolojia tu, mama. Siri ni kutenganisha. Unga unakwenda peke yake, pumba peke yake, halafu unakuja kuviunganisha mwishoni. Mimi nilimwelekeza dada."

Wakaitikia, wakamwongezea nyama. Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama kikombe chake, na nikaona hatasema, hatasema kamwe, atamfichia huyu mtu kamasi hadi azeeke.

"Mjomba," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Benchi zima likageuka.

"Sweta langu la shule umeshalifua? Lile ulilolivisha pipa la pombe?"

Mjomba akashusha mguu kutoka kwenye benchi. Halafu mwenyekiti akacheka, kicheko kilichoanzia tumboni, akafuatia jirani yake, likafuata benchi lote, na mama, kikombe kimeziba nusu ya uso, mabega yakamtikisika.

Tuliporudi nyumbani mjomba alikwenda bombani bila kuambiwa. Alisugua lile sweta hadi jua likaelekea kuzama, mikono ya shati lake jeupe amekunja hadi kwenye viwiko. Halikutakata vizuri. Bado kwapani linanuka kidogo, nikiinua mkono darasani.