Mwanamke Aliyekaa Kando ya Shimo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na nimeikumbuka kwa sababu jana nilikuona ukizima ile video, eti haina stori. Hebu kaa kidogo.

Tulikuwa tumehamia hapa Kibwezi kutoka Mwingi, mimi bibi arusi wa juzijuzi, na mvua ikatukataa. Nilichoka, jamani. Nguo zangu nilikuwa nimeshazipanga kwenye kiondo ili Jumatatu nirudi kwa mama yangu, na sikuwa nimemwambia mtu. Basi mwalimu mmoja akaleta sinema kanisani. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka ikatundikwa ukutani, vijana wakajaa wakingoja bastola za makauboi.

Wapi! Bastola haikulia hata moja. Ilikuwa ni watu na gari lao la ng'ombe wakitafuta pa kuishi katika nchi kavu kama hii yetu. Wanatembea. Gurudumu linalia. Mwanamke anainama, anashika udongo, anaunusa, anasimama. Vijana wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mimi macho yalinitoka: je, watabaki au watarudi? Nilitaka kujua kana kwamba ni mambo yangu yaliyokuwa yakiamuliwa pale.

Mwishowe yule mwanamke akachimba shimo katika mto mkavu, akakaa kando yake. Shuka ikawa nyeupe. Watu wakalalamika kwamba filamu imekatika, mwalimu aweke kipande kilichobaki. Mwalimu akasema imeisha.

Mama mkwe wangu, niliyemwita Mwaitu, alikuwa ameketi kando yangu. Huko Mwingi alichota maji mchangani tangu utotoni: unachimba, unakaa, unayaacha yajitokeze polepole, na ukiharakisha kuteka, kata yako inajaa tope.

"Haijakatika," akasema. "Ameshachimba, sasa anangoja. Mlitaka afanye nini tena?"

Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi nimeshachimba. Kumbe kiondo alikuwa amekiona.

Jumatatu nilizitoa nguo. Mwaka ule hatukuvuna kitu. Uliofuata tulivuna kunde, na wewe ukazaliwa. Kama yule mwanamke alipata maji, hata leo sijui, na bado najiuliza nikiwa jikoni.

Kwa hivyo, mwanangu, stori ikienda polepole usiizime. Tazama mikono ya watu, jiulize wanaogopa nini. Na isipokwambia mwisho usikasirike, labda imekuachia nafasi yako. Mungu akupe subira ya kukaa, na shimo lako lisikose maji. Haya, washa tena, tuitazame pamoja.