Ulaya ya Emali

Wayua Muindi ni fundi wa nguo pale Tawa, kwenye kibanda cha kijani karibu na duka la dawa za mifugo. Kama umewahi kuiona kwaya yetu ikiimba, umeiona kazi yake: magauni ya zambarau yenye kola nyeupe, ambayo kila Desemba anatupanulia kiunoni bila kutusema. Mimi ni Kanyiva. Naimba sauti ya pili na nauza ndengu. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona niliambiwa na watu wasioweza kunyamaza, ambao kwetu si haba.

Wayua ana mtoto mmoja tu, Mwongeli. Baba mtu alifariki msichana akiwa bado wa mgongoni, na tangu hapo hao wawili wamekula sahani moja na kugombania simu moja. Mwongeli akafaulu vizuri sekondari, na chuo kikuu kimoja cha Uingereza kikamkubali, tena kwa ufadhili, ila kwa sharti: kwanza asome mwaka mmoja wa msingi wa kumwandaa. Inaonekana miaka yote aliyokaa darasani hapa Makueni ilikuwa paa tupu. Wayua hakuuliza habari za msingi. Alisikia neno Uingereza, akafunika cherehani yake, akaenda kumwona Pasta Mulei.

Kwetu mtu haendi mbali bila kuagwa. Hata anayekwenda Mombasa kuwa bawabu huombewa na kuimbiwa. Sasa huyu wa ndege! Tangazo likatolewa kanisani, mahema yakakodiwa, mbuzi wakanunuliwa, na keki yenye umbo la ndege ikaagizwa kutoka mji wa Wote. Mkesha wa sherehe, chuo kikapiga simu. Mwaka wa msingi, wakasema kwa furaha kubwa, hautasomewa Uingereza tena. Wamewasogezea huduma karibu. Wamefungua tawi Emali, ghorofani, juu ya duka la simenti.

Emali! Ukitoka Tawa asubuhi unabadilisha gari Wote, na kabla njaa haijakuuma umefika. Mtu mwingine angesimama mbele ya kanisa aseme, jamani, safari imeahirishwa, tuleni tu keki. Wayua aliangalia mahema, akaangalia mbuzi waliokwisha kuchunwa, akamwambia binti yake, "Nyamaza. Utaagwa."

Akaagwa. Pasta Mulei alimwombea dhidi ya barafu, dhidi ya ajali za baharini ingawa hakuna aliyetaja meli, na dhidi ya wanaume wanaooa bila kufika kwa wazazi. Mimi nililia mpaka kola yangu ikalowa. Mwongeli naye alilia, na sasa najua alikuwa analia kwa aibu. Kabla hajapanda gari, mama yake alimnong'oneza masharti. Mtu akishaagwa haonekani tena mpaka arudi kutoka kule alikoagwa kwenda. Asikanyage Tawa. Na yeye mama hatakwenda Emali, maana watu watamwona.

Kwa hiyo Mwongeli akaanza maisha ya ughaibuni katika mji wa malori. Darasani walikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Mutiso, aliyewafundisha kwamba huko waendako mwanafunzi anatakiwa kumpinga mwalimu wake kwa hoja. Hodan, msichana wa kutoka Kyuso ambaye baba yake anauza ng'ombe, alinyoosha mkono na kusema yeye haoni hivyo. Mwalimu Mutiso alimfukuza darasani hadi baada ya chakula cha mchana. Walifundishwa pia kupanga foleni, kuandika insha bila kumtaja Mungu, na kumwangalia mkubwa machoni, jambo ambalo Mwongeli alilifanyia mazoezi kwa mwenye nyumba na karibu afukuzwe.

Jumapili baada ya ibada tulikusanyika kibandani kwa Wayua kumwona Mwongeli kwenye simu. Alitokea amevaa sweta, skafu na kofia ya sufu, jasho likimtiririka.

"Aiya, mbona unatoka jasho hivyo?" aliuliza Mama Ben, kiongozi wetu wa kwaya.

"Ni hita, Anti. Huku nyumba zinapashwa moto."

Nyuma yake lori likapiga honi ndefu, kisha kondakta akasikika akiita abiria wa Sultan Hamud, mji jirani na Emali. Wayua akakohoa kwa nguvu. Mama Ben alitikisa kichwa polepole akasema Wakenya wamejaa kila mahali siku hizi.

Mimi nilijua wiki ileile ya kwanza. Ndengu zangu nazipeleka soko la Emali, na nilimkuta Mwongeli uso kwa uso akichagua sukuma wiki. Alibaki ameduwaa na fungu lake mkononi. Mimi nikamwambia, "Habari za Ulaya?" Akasema, "Nzuri, Anti." Kisha akaniangukia kifuani akalia, nami nikamnunulia chai na mandazi, naye akanieleza yote.

Sikumwambia mtu. Nilimwambia Mama Ben tu. Baada ya hapo ikawa hakuna anayeshuka Emali kwa shughuli zake bila kupanda ile ngazi ya juu ya duka la simenti. Mmoja alimpelekea maembe, mwingine muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo. Pasta mwenyewe alipitia huko akamwombea upya, safari hii bila meli. Ikafika mahali Tawa nzima imemwona Mwongeli isipokuwa mama yake.

Na mama yake alikuwa anaisha. Sikufichi. Alikonda, akashona mikono ya gauni langu kinyume, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikimuuliza, anasema, "Ni mbali, Kanyiva. Mtoto yuko mbali sana," huku macho yake yameelekea barabara ya Wote. Mara moja alishindwa kuvumilia. Alifika Wote, akapanda gari la Emali, akamkuta Mama Ben ameketi ndani na mkebe mapajani. Wayua akasema ooh, amesahau uzi, akashuka. Mama Ben alifika Emali akampa msichana muthokoi na hakuthubutu kumwambia nani ameshuka garini.

Utauliza kwa nini hatukumwambia. Tulijadili sana, na kila mara tuliishia palepale. Kumwambia kwamba tunajua kungekuwa kumvua nguo mbele ya watu, yeye aliyetuvisha sote. Tukaona tunamheshimu. Hasira huwa zinanipanda nikikumbuka jinsi tulivyomheshimu.

Mwongeli akapasi. Siku ya kuondoka kwa kweli, gari la chuo lingewachukua Emali hadi uwanja wa ndege. Wayua aliaga kwamba anakwenda Wote kutafuta vifungo. Alikuwa na mfuko mkubwa. Ndani yake mlikuwa na koti zito la sufu alilolishona mwaka mzima baada ya kazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona.

Aliposhuka Emali alitukuta. Mimi nilikuwa na ndengu, hilo lilieleweka. Mama Ben alikuwa anakagua vitunguu. Wengine walikuwa wanauliza bei ya jogoo, na Pasta Mulei alikuwa amesimama kando ya matangi ya maji ya kuuzwa kama mtu mwenye shamba la kumwagilia. Sote tulikuwa tumevaa magauni ya zambarau yenye kola nyeupe, isipokuwa pasta.

Wayua alitutazama mmoja mmoja. Mwongeli akashuka ngazi na sanduku lake, akamwona, akaliachia sanduku likabingirika hadi chini. Wakashikana palepale mbele ya mifuko ya simenti.

"Mwaitu," Mwongeli alimwambia mama yake, "mwaka mzima. Mbona hukuja hata siku moja?"

Wayua alikuwa anahangaika kumvalisha lile koti kwenye jua lile, vidole vyake ambavyo havijawahi kukosea kifungo vikikosea kila kimoja.

"Watu wangeniona, mwanangu," akasema. "Niliogopa watu wangeniona."

Nasi hao watu tulikuwa pale, hatua chache tu kutoka kwao, tumeinamia vitunguu ambavyo hakuna aliyekuwa akivinunua. Gari la chuo likapiga honi. Hakuna aliyeimba, kwa sababu mtoto tulikwisha kumuaga.