Kura ya Karanga

Kwetu Mkolani nilijulikana kwa neno moja. Mwaka ule wa vyama vingi redio ya jirani haikufunga mdomo: wananchi jitokezeni, wananchi mkapige kura. Mimi nilikuwa sijaanza hata shule, na ulimi wangu ulikuwa wa Kisukuma kama wa baba. R kwangu haikuwapo kabisa. Nikauliza kwa sauti, mbele ya watu wazima: "Baba, hiyo kula watapiga na mboga gani?" Weee! Walicheka mpaka mama jirani akakaa chini. Toka siku hiyo nikawa mchezo wa mtaa. Mtu akipita na ndoo yake ananisimamisha: "Eti mtoto mzuri, watu wanakwenda kufanya nini?" Najibu: "Kupiga kula." Wanashika mbavu, wanaendelea na safari zao. Nilidhani napendwa.

Mama hakucheka. Alisomeshwa na masista, na Kiswahili ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwa masista hao, kwa hiyo hakutaka mchezo nacho. R yake ilikuwa ya kukokota, ungedhani mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria. Mtoto akisema "kalanga" anakamatwa midomo kwa vidole viwili, inavutwa mbele: "Karrranga. Sema." Kaka na dada walishanyooka. Mimi nilikuwa bado. Siku moja baba alijaribu kunitetea: "Mwache mtoto, atajifunza talatibu." Mama alimtazama mpaka akatoka nje.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi. Ndivyo walivyosema, kupunguzwa, kama chumvi kwenye mboga. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinakufa, maana mitumba ilijaa sokoni na hakuna aliyekitaka tena kitenge chetu. Asubuhi bado alivaa shati lake la kazi, akalichomekea, akaketi kibarazani. Mama alikaanga dagaa, akawauza kando ya barabara. Tulikula mara moja, jioni, na sisi watoto tuligombania ukoko.

Ndipo likaja neno la shangazi wa Sengerema, dada yake baba. Hakujaliwa mtoto, ila alikuwa na mashamba ya muhogo, mbuzi, na nyumba ya bati. Alituma mtu aseme: nipeni mmoja, wa kike au wa kiume ni sawa tu, mradi anatembea. Kwetu dada mtu akiomba mtoto hanyimwi. Unampa, na majirani unawaambia amekwenda kumchangamshia shangazi nyumba. Lakini yupi? Baba alishindwa. Alishinda akitutazama kama mtu anayetakiwa kumchinjia mgeni kuku na kila kuku anataga. Mwisho akapata akili kutoka redioni.

"Siku hizi ni demoklasia," akasema. "Watoto watapiga kula wenyewe."

Mama hakumsahihisha. Wakati ule sikuliona hilo.

Yeye ndiye aliyetafuta vifaa: sufuria ndogo, kanga yake ya kufunikia, kokoto mbili alizookota uani, na punje moja ya karanga ya kukaanga. Baba akatangaza sheria huku akikohoa kama msimamizi wa uchaguzi. Atakayetoa karanga ndiye atakayekwenda kukaa kwa shangazi. Kaka alielewa, akaficha mikono nyuma. Dada alielewa, midomo ikaanza kumcheza. Mimi katika maneno yote yale nilisikia karanga.

"Mdogo aanze," mama akasema.

Halafu akanivuta karibu, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akanishika shavu. Akasema polepole, kwa sauti ile anayobembelezea mtoto mwenye homa: "Haya, mwanangu. Njoo upige kula."

Kula. Alisema kula! Mwanamke aliyetuvuta midomo mpaka ikavimba, aliyemtoa mumewe nje kwa ajili ya herufi moja. Nimemsikiliza mama yangu maisha yangu yote, kwa karibu na kwa mbali, na sijapata kumsikia akiikosa r, si kabla ya siku ile wala baada yake. Nimeambiwa na ndugu zangu kwamba ulimi uliteleza. Jamani, msinifanye mtoto mara mbili.

Niliingiza mkono chini ya kanga. Kokoto. Kokoto nyingine. Kisha karanga, na ngozi yake nyembamba ikachubuka kwenye kidole changu. Hivi mtoto mwenye njaa, tena aliyeambiwa akale, atachagua kokoto? Niliitoa, na kabla baba hajafungua mdomo nilikuwa nimeshaitafuna.

"Loo! Kala kura!" kaka akapiga kelele.

Walicheka. Dada alicheka huku machozi yanamtoka, maana yeye na kaka hata hawakuhitaji tena kuingiza mkono. Baba naye alicheka, maskini, akageukia ukutani. Mimi nilicheka kuliko wote kwa sababu nilijua nimeshinda. Mama aliichukua sufuria, akamwaga zile kokoto uani, akaanza kuiosha.

Baba ndiye aliyenipeleka. Kwenye pantoni aliwasimulia abiria: "Huyu mnayemwona hapa, kapiga kula, kaila!" Wakaangua kicheko, mama mmoja akanikatia kipande cha muwa. Nikaona hadithi yangu ina faida, nikaisimulia mwenyewe upya, na mikono juu. Tulipokaribia ng'ambo nilimuuliza baba nitarudi lini nyumbani. Akasema mvua zikiisha.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi hakuwa na subira ya wahenga. Mimi jembe nilipewa siku ile ile, hata vumbi la baba halijatulia njiani. Sitamsingizia, chakula nilipata. Ugali wa muhogo, samaki, maziwa ya mgando, mpaka tumbo likang'aa. Lakini alinisimanga kila tonge. "Kula, kula wewe, kwenu saa hizi ungekuwa unanusa moshi wa jirani." Nilisomba maji. Nilichunga mbuzi. Nilimenya muhogo mpaka mikono yangu ikanuka uchachu hata baada ya kuoga. Nikikosea, mwiko ulikuwa karibu. Na wageni wakija aliwaambia, akinipapasa kichwa, kwamba huyu ni mwanangu, sijui wazazi gani wangeweza kuachia mtoto mzuri kama huyu.

Mvua ziliisha. Nikamwendea shangazi, nikamwambia zimeisha. Akasema hizo ni za vuli, baba yako alisema za masika. Za masika nazo zikaja, zikaisha. Kila aliyetoka Mwanza nilimwamkia shikamoo, na kabla hajamaliza marahaba yake nilishauliza kama ametumwa kunichukua. Hakuna aliyetumwa.

R ilikuja yenyewe, bila kuvutwa midomo. Nilikuwa malishoni namtukana beberu mmoja aliyeingia kwenye shamba la watu, nikajisikia nikiitamka, safi, kama mama. Nikaichezea. Karanga. Barabara. Kura. Nilipofika kura nikaielewa siku ile yote, sufuria, kanga, mkono wake shavuni mwangu. Nilimchukia mama pale pale, katikati ya mbuzi, kwa sauti. Nilisema maneno ambayo hata leo sithubutu kuyaandika.

Kisha akaja. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine yameota. Nilimtambua kwa mwendo wake, akiwa bado mbali njiani, na chuki yote ikaniishia kama maji kwenye mchanga. Nikakimbia. Lakini sikumkimbilia yeye, nilikimbilia ndani kufunga nguo zangu. Magauni mawili na kandambili, vyote vikaenea kwenye mfuko wa nailoni.

Nilipotoka walikuwa uani na shangazi. "Wifi, hali ni mbaya," mama alikuwa akisema. "Hata udaga kidogo tu." Shangazi alimjazia gunia la muhogo mkavu, na akahakikisha majirani wanaona anavyojaza. Gunia likashonwa mdomo. Kijana wa baiskeli akaitwa alipeleke pantoni, akalifunga nyuma ya kiti. Nikapanda juu ya gunia, nikaketi, mfuko wangu mapajani, nikangoja twende.

"Shuka," mama akasema.

"Twende wote."

"Leo nimejia muhogo."

Shangazi akaingia ndani kwa adabu, akabaki nyuma ya mlango akisikiliza. Mimi sikushuka. Nilimtazama mama usoni nikamuuliza: "Mama, mbona mimi?"

Angeweza kusema kura ndiyo iliyoamua. Nilimwona akilitafuta neno hilo, kisha akaliacha. Alijua kwamba najua.

"Kaka yako angetoroka," akasema. "Dada yako angenililia mpaka nikamrudisha. Wewe ulikuwa hulii."

"Nalia sasa," nikasema. Na kweli nililia, mdomo wazi, kamasi zikiingia kwenye meno mapya, nikimshika kanga ili asinipite bila kuona. "Ona, mama. Ona, nalia."

Aliniangalia. Nataka niwe wa haki: aliniangalia vizuri, hakukwepesha macho. Kisha akanibandua vidole, kimoja kimoja, akaniteremsha kutoka juu ya gunia.

"Umechelewa," akasema, akamgeukia kijana wa baiskeli amwambie akaze kamba.