Bibi Aliyenipa Ndoo Kisiwani

Mwaka 1964, nikiwa na miaka saba, vita vilifika kwetu Kongo, upande wa Fizi. Mama alifia njiani, na shule yangu ikaishia darasa la kwanza. Tangu hapo nimebeba maji ya watu, nimefua nguo za watu, nimekaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka kumi, na mwaka 2006 nikatua Sydney na begi moja. Nayasema haya mapema ujue anayekuandikia si mtu wa kuota ota. Haya yalinipata mimi, mchana kweupe. Mama wa mtu zilibaki siku mbili tu amwagwe shimoni kama takataka, na mwanawe yuko hapa hapa Sydney, anakula, anashiba. Mpaka leo nikikumbuka, kinachonipanda si woga. Ni hasira.

Mwanawe huyo tumwite Yorgo. Ni Mgiriki, ana fleti za kupangisha, na mimi na wanawake wanne niliowaajiri ndio tuliokuwa tukisafisha ngazi zake zote. Mwaka 2016 akaniambia, "Mama, wewe hupumziki? Nyumba ya mama yangu kisiwani Ugiriki iko tupu. Nenda kakae wiki mbili, bure." Akanipa ufunguo. Maishani mwangu sikuwa nimepumzika hata siku moja. Binti yangu Neema, muuguzi pale Liverpool ya hapa Sydney, akanikatia tiketi, na mimi huyoo.

Kisiwa kizuri, sikatai. Nyumba nyeupe, bahari chini, ngazi za mawe kila mahali. Lakini wale watu wana jambo moja: ikifika saa nane mchana wanafunga madirisha, wanalala mpaka jioni. Wote, hata mbwa. Mimi kulala mchana ningejifunzia wapi? Nikakaa kwenye kigoda uani.

Siku ya tatu, saa nane hiyo hiyo, bibi mmoja akatoka jikoni. Nguo nyeusi, kitambaa cheusi kichwani, mgongo umepinda, ndoo ya maji mkononi. Nikajua ni mlinzi wa nyumba, Yorgo amesahau kunitajia. Nikasimama, nikampa shikamoo. Hakuitikia. Akanisukumia ndoo.

Sasa niambie wewe, ungefanya nini? Mtu wa miaka tisini amebeba ndoo, wewe umekaa tu unamtazama? Nikaipokea. Hapo ndipo nilipokosea, na hata leo ningekosea vile vile.

"Ngazi zile," akasema. Nikasugua. "Si hivyo! Kwenu mnasugua kwa kubembeleza?"

"Kwetu tunasugua vizuri, bibi, ila mgeni hatumpi ndoo."

"Umelala kitandani kwangu. Sugua."

Utauliza tulielewana vipi. Yeye alisema Kigiriki chake, mimi Kiswahili changu, na kila neno liliingia. Wakati ule sikushangaa, nilikuwa nimekasirika mno. Nimesugua miaka hamsini, nimepanda ndege mbili na meli, nije kusugua tena! Jioni nikampigia Neema, nikamwambia mlinzi wa Yorgo hana adabu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, hata likizoni umepata bosi!"

Kesho yake bibi akarudi, nikapaka chokaa kati ya mawe ya uani, yeye kasimama juu yangu ananionyesha nilipopitiwa. Siku ya tano hakuja na ndoo. Alikuja na chupa ya divai nyekundu. "Twende," akasema.

Tukapanda kilima. Jua kali, mimi nahema, yeye anapanda kama msichana. Mijusi walikuwa wamejaa kwenye mawe. Mimi walinikimbia. Yeye alipita juu yao, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Niliona. Nikajiambia ni macho.

Nyuma ya kanisa dogo kuna makaburi, na nyuma ya makaburi kuna chumba chenye masanduku ya bati, kila moja na jina. Kwao ardhi ni ndogo, kaburi linakodishwa. Miaka michache ikipita mfu anafukuliwa, watoto wake wanamwosha mifupa kwa divai na kuiweka sandukuni kwa heshima. Watoto wasipokuja, inatiwa kwenye mfuko, inasubiri, halafu inamwagwa kwenye shimo la wote. Mfuko mmoja ulikuwa sakafuni. Juu yake palikuwa na kibao cha picha kilichong'olewa kaburini. Picha ilikuwa yake. Kitambaa kile kile, midomo imebanwa vile vile.

"Nioshe," akasema.

Niamini, nilitaka kukimbia. Lakini bibi akaketi chini kando ya mfuko ule, akakunja mikono, na kwa mara ya kwanza akasema bila ukali, "Jumatatu wananimwaga. Yorgo hakuja." Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Hasira ikanipanda mpaka ikausukuma woga nje. Nikafungua kitenge changu cha juu, nikakitandaza, nikaipanga mifupa juu yake na kufungua ile divai. Kambini nimeosha wafu wengi, lakini wale walikuwa wametulia. Huyu alikuwa ananisahihisha! "Taratibu hapo mkononi. Nilivunjika nilipoanguka kutoka kwenye mzeituni, Yorgo mdogo yuko chini analia." Nikatazama. Kweli, mfupa ulikuwa umeunga upande. Nikaosha mkono, nikaosha mbavu, nikaosha kichwa, nimekishika kama cha mtoto mchanga. Nilipoinua macho nimwambie tumemaliza, nilikuwa peke yangu.

Padri alinikuta hapo jioni, mikono myekundu. Aliwahi kuishi Melbourne, kwa hiyo tuliongea Kiingereza. Hakunipigia kelele. Alimwimbia bibi sala zake, akatafuta sanduku, akaandika jina. Mlinzi wa nyumba? Hakuna, akasema. Nyumba imefungwa tangu mama afe, miaka sita. Na barua ya kuja kumwosha mama, aliandikiwa Yorgo na nani mwingine? Yeye peke yake, barua tatu. Tatu! Mpangaji akichelewa siku moja anajua kuandika, lakini barua za mama yake hazisomeki?

Niliporudi Sydney, Neema alinisihi. "Mama, nyamaza. Hao wanawake wanne watakula nini?" Nikamwambia watakula, lakini huyu ataambiwa. Nikaenda nyumbani kwake.

"Nimekupa nyumba bure," Yorgo akafoka, "ukaenda kuchokonoa makaburi?"

"Bure? Mama yako kanisugulisha ngazi zote."

"Mama yangu alikufa."

"Najua. Nimemshika kichwa. Na ule mkono aliovunjika kwenye mzeituni, wewe ukilia chini, nimeuosha pia."

Akaketi. Habari ya mzeituni, akasema, hakuwahi kumwambia mtu Australia, hata mkewe. Nikadhani atalia, nikaanza hata kumhurumia. Akanyoosha mkono. "Ufunguo. Na kuanzia Jumatatu msije tena." Hata asante hakusema!

Tulihangaika miezi mitatu, tukigonga milango mtaani kwetu Merrylands kote, mpaka tukapata kazi nyingine. Kanisani kwetu Rooty Hill waliniwekea mikono wakakemea mapepo. Mapepo gani yanayojua kona ambayo brashi haijafika? Na tangu siku ile, kila saa nane mchana, mikono yangu inanuka divai. Mimi ambaye sijawahi kuionja! Nimesugua kwa limau, kwa magadi, kwa dawa ya madoa. Inanuka robo saa, inaacha. Neema alikuwa anasema ni jua la kisiwani, mpaka siku aliponusa mwenyewe.

Basi sikia. Mtu akikupa nyumba ya mama yake bure, muulize kwanza kwa nini yeye halali humo. Na wewe uliyezika wako mbali ukaja huku, barua ikija, ifungue. Usiniachie mimi kukuoshea.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Merrylands, imelipwa yote. Nina gari mbili za kazi, mashine nne za sakafu, na kiwanja Uvira chenye ukuta. Nina kaburi pia, la kununua, si la kukodi. Hati yake anayo Neema, na nimemwandikisha kwa mkono wake kwamba atakuja.